Siku Thelathini za Mteja Wangu

Kijana yule alifika dukani kwangu siku ya nane baada ya kuachishwa kazi. Najua ilikuwa siku ya nane kwa sababu barua aliyoishika ilikuwa na tarehe, na kwa sababu baadaye nilizihesabu siku zile mara nyingi, usiku, nikiwa kitandani. Alikuwa amefanya kazi ya ulinzi katika kampuni moja kwa miaka mitatu, na barua ilimweleza kwa mistari minne tu kwamba huduma yake haihitajiki tena. Alitaka nimtolee fotokopi, kisha nimchapie barua ya malalamiko. Kabla sijaanza kuchapa akaniuliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeona aibu kuuliza mbele za watu: "Dada, hivi mtu kama mimi ana haki gani? Na nina muda gani wa kwenda kulalamika?"

Mimi si mwanasheria. Nina duka la steshenari karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, ambapo natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua na wasifu wa watu wanaoomba kazi. Anayekuja kuchapisha karatasi mara nyingi huja na swali lililo nyuma ya karatasi hiyo, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kumwelekeza kwa mtu mwingine. Mwaka 2023 nilianza kutumia kwenye kompyuta ya duka mojawapo ya programu za akili mnemba zinazojibu maswali kwa maandishi, zile ambazo wengi huziita chatiboti, na wateja hawakuchelewa kugundua kwamba pale mezani pana kitu kinachojibu kwa Kiswahili. "Dada, hebu muulize na hili," wakawa wananiambia. Mama mmoja aliuliza dawa ya viwavijeshi kwenye mahindi, fundi akauliza idadi ya vigae vya chumba, mwanafunzi akauliza maana ya methali aliyopewa darasani. Nilijisikia fahari. Nilijiona nimewaletea jirani zangu ofisi nzima ya wataalamu bila nauli wala foleni.

Kwa hiyo nililiandika swali la yule kijana kama alivyolisema. Jibu lilikuja kabla fotokopi haijamaliza kutoka, katika Kiswahili safi kilichopangwa kwa vipengele: kwamba ana haki ya kupewa notisi au malipo badala ya notisi, kwamba anastahili malipo ya likizo ambayo hakuichukua, kwa kiwango cha siku 21 kwa mwaka, kwamba apewe cheti cha utumishi, na kwamba akiona ameachishwa isivyo haki anaweza kufungua shauri ndani ya miaka mitatu. Nikamchapishia ukurasa huo bila malipo. Aliukunja vizuri akautia mfukoni, uso wake ukiwa umefunguka kidogo, akasema kwamba basi atakwenda kwanza kwao Kilosa kuwasaidia wazazi shambani, kisha atarudi kulishughulikia jambo lake kwa utulivu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, muda upo. Maneno hayo mawili, "muda upo", hayakuandikwa na mashine. Niliyasema mimi.

Alirudi Morogoro siku ya thelathini na saba. Alipofika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi alielezwa kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa pale ndani ya siku 30 tangu mtu alipoachishwa, na kwamba akiwa amechelewa, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu ya msingi ya kuchelewa. Sababu aliyokuwa nayo ni ukurasa niliomchapishia. Ombi lake halikukubaliwa, na sioni kwamba waliolisikiliza walikosea, maana kutoijua sheria si sababu, na kuambiwa vibaya na kompyuta ya duka la fotokopi si sababu pia. Alikuja kunieleza yeye mwenyewe. Hakunigombeza. Ningeona nafuu zaidi kama angenigombeza.

Baada ya hapo niliuchukua ukurasa ule nikaupeleka kwa mama mmoja mtaani kwetu ambaye ni msaidizi wa kisheria, wale waliopewa nafasi rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aliusoma mara moja tu, akaweka kidole kwenye namba 21. "Hii likizo si ya kwetu," akasema. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi wa Tanzania Bara ana siku 28 za likizo ya mwaka. Siku 21 za kazi ni kiwango cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, na ile miaka mitatu ya kufungua shauri imo katika sheria hiyohiyo ya Kenya. Jibu lote lilikuwa sahihi, au karibu sahihi, kwa mlinzi wa Nakuru. Mlinzi wangu alikuwa wa Morogoro.

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko yote, kwa sababu linatuhusu hasa sisi tunaouliza kwa Kiswahili. Lugha yetu ni moja, lakini inavuka mipaka: anaitumia mfanyabiashara wa Mombasa, mwalimu wa Dodoma, dereva wa lori aliyetoka Lubumbashi, na kila mmoja wao anaishi chini ya sheria nyingine, kodi nyingine, mtaala mwingine wa shule. Karani wa ofisi yoyote, hata asiye mwerevu sana, angemuuliza kijana yule kwanza anafanya kazi wapi. Mashine haikuuliza. Nilipokuja kusoma namna programu hizi zinavyofanya kazi nilielewa sababu: zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno gani linafaa kufuata baada ya yale yaliyotangulia. Inapojibu hivyo haifungui kabati la sheria za nchi yako na kutoa jalada. Inaunda sentensi inayofanana na jibu, kutokana na yale yaliyoandikwa kwa wingi, na inaiandika kwa utulivu uleule iwe imepatia au imekosea. Zipo zinazotafuta kwanza mtandaoni na kuonyesha ukurasa zilikolitoa jibu, na hizo ni afadhali, mradi mtu aufungue ukurasa wenyewe ausome.

Niliendelea kujiuliza kwa nini sikushtuka. Maana nimewahi kushtuka. Miezi michache kabla ya kisa kile, binti mmoja aliniletea barua pepe ya Kiingereza iliyomwita kwenye usaili Dar es Salaam, naye alitaka itafsiriwe ili mama yake aisome. Programu ikatafsiri vizuri kabisa mpaka ilipofika kwenye muda: "8:00 a.m." ikawa "saa nane asubuhi". Msomaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba hakuna saa nane asubuhi. Saa nane ni ya mchana au ya usiku, na muda ulioandikwa mle ni saa mbili asubuhi. Kama binti angeshika ile "nane" na kuliacha neno "asubuhi", angefika kwenye usaili akiwa amechelewa kwa muda wa saa sita. Nilirekebisha palepale, na nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba naijua mashine na udhaifu wake.

Lakini nilichokijua pale kilikuwa saa, wala si mashine. Kosa la saa nililiona kwa kuwa nimezihesabu saa za Kiswahili tangu utotoni, na kosa la sheria ya kazi halikunigusa kwa kuwa sikuijua sheria ya kazi. Yote mawili yalikuja na mwandiko mmoja, adabu moja, vipengele vilevile vilivyopangwa. Hakukuwa na alama yoyote juu ya jibu la pili ya kunionya kwamba hapa ni pabaya zaidi. Ninachojaribu kuwaeleza wateja wangu tangu siku hiyo ni hiki: kosa la mashine huonekana kwa yule ambaye tayari analijua jibu, na anayeuliza kwa kawaida ni yule asiyelijua.

Nilifanya majaribio kadhaa peke yangu, jioni, baada ya kufunga duka. Nilitunga methali ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala kuiona kitabuni: "Mwenye kinu hasahau mchi wa jirani." Nikaiuliza programu maana yake. Ikanieleza kwamba wahenga waliitumia methali hiyo kusisitiza ujirani mwema na kukumbuka fadhila, ikanipa na mfano wa matumizi. Maelezo yalikuwa mazuri, ningeweza kuyaandika ubaoni. Nilimfikiria yule mwanafunzi, na kumbukumbu ya mambo niliyomchapishia ikanitia wasiwasi, maana methali zetu ni urithi, na mtoto akipewa ya kubuni pamoja na wahenga wa kubuni hana namna ya kuitenga na ile iliyotoka kwa bibi yake.

Jaribio jingine lilinitisha zaidi. Niliuliza namna ya kuandaa nyumbani maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mara ya kwanza ilijibu sawasawa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa. Nikauliza tena kwa maneno mengine, kama ambavyo mama mwenye haraka angeuliza, na safari hii nusu kijiko kikawa "kijiko kimoja cha chumvi", bila kutaja kidogo wala kikubwa. Chumvi ikizidi katika maji hayo humdhuru mtoto yuleyule unayetaka kumwokoa. Swali moja, mashine moja, jioni moja, majibu mawili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kupata jibu sahihi jana si ushahidi kwamba utapata sahihi leo, kwa kuwa mashine haijibu kwa kukumbuka kitu kimoja ilichokihifadhi. Inaunda jibu upya kila inapoulizwa.

Tangu hapo maswali ya dawa siyaulizi kabisa kwa niaba ya mtu. Paracetamol ya maji ya watoto, kwa mfano, huuzwa katika nguvu tofauti, ipo yenye miligramu 120 katika kila mililita 5 na ipo yenye 250, na mtu akiuliza tu "nimpe vijiko vingapi" bila kutaja uzito wa mtoto wala maandishi ya chupa, hakuna jibu la namba linaloweza kuwa salama. Mhudumu wa duka la dawa huishika chupa mkononi akaitazama. Zahanati wana pakiti za chumvichumvi za kuongezea maji mwilini, zimepimwa tayari. Namwambia mama: nenda hapo, ni mwendo wa dakika kumi, mimi nitakulindia mzigo wako.

Wengine huniambia kwamba dawa yake ni kuiuliza mashine kama ina uhakika. Nimejaribu. Mara nyingine husisitiza kosa lake, mara nyingine huomba radhi na kubadilisha jibu ambalo lilikuwa sahihi. Na si sisi wa vijijini na madukani tu tuliopita njia hiyo. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na programu ya ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyohiyo kama kesi mojawapo ni ya kweli, nayo ikamjibu kwamba ni ya kweli. Watu waliosomea sheria, wenye maktaba na hifadhi za hukumu, walimuuliza shahidi kama anasema kweli na wakaridhika na neno lake.

Kesi nyingine iliyonigusa ni ya Kanada. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliambiwa na chatiboti iliyokuwa kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada kwamba anaweza kukata tiketi kwanza na kuomba punguzo la msiba baadaye, jambo ambalo kanuni za shirika hazikuliruhusu. Shirika lilipokataa kumrudishia, lilijitetea hata kwa hoja kwamba chatiboti ile inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia liliikataa hoja hiyo na kuamuru alipwe, jumla ikizidi kidogo dola 800 za Kanada. Niliisoma habari hiyo mara mbili. Yule abiria alikuwa na mtu wa kumdai: mashine ilikuwa imesimama katika duka la shirika, ikisema kwa jina la shirika. Kijana wangu wa Kilosa alimdai nani? Waliotengeneza programu wameandika kwa herufi ndogo chini ya ukurasa kwamba inaweza kukosea. Aliyempa karatasi ni mimi. Nami nilikuwa nimemsaidia bure, kwa moyo mweupe, na moyo mweupe haukumrudishia siku zake saba.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba makosa haya ni madogo na yatapungua. Huenda yatapungua. Lakini anayekuja kuniuliza mimi, badala ya wakili au daktari, ni mtu ambaye mara nyingi hana nauli ya kumfikia wakili wala fedha ya kumwona daktari, na kosa likitokea humwangukia yeye ambaye hana njia ya pili. Mwenye uwezo akidanganywa na mashine atasahihishwa na mtu aliyemlipa.

Sikuiondoa programu ile kwenye kompyuta. Ningeiondoa ningewanyima watu msaada wa kweli. Fundi aliyetaka vigae vya chumba cha mita 4 kwa mita 3.5 aliambiwa kwamba vigae vya sentimita 40 kwa 40 vitakuwa 88, na akiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vitakavyovunjika na kukatwa anunue 97, na hesabu hiyo tuliirudia pamoja kwa kikokotoo ikatoka vilevile. Mjane mmoja aliletewa mkataba wa upangaji wa Kiingereza, kurasa sita, na akatakiwa autie saini siku hiyohiyo. Niliuskani, nikaiambia programu inieleze kila kifungu kwa Kiswahili na kutaja kiko ukurasa gani, kisha tukarudi kwenye karatasi yenyewe kifungu kwa kifungu. Tuligundua kwamba mwenye nyumba alijipa ruhusa ya kupandisha kodi wakati wowote. Mama yule hakutia saini mpaka kifungu kile kilipofutwa. Hapa mashine ilikuwa na karatasi mbele yake, nasi tulikuwa nayo mbele yetu, na kila ilichosema tuliweza kukionyesha kwa kidole. Katika lile swali la mlinzi tulikuwa tumeiomba itoe jibu kichwani mwake, nasi hatukuwa na karatasi yoyote ya kulilinganisha nalo.

Nimeanza pia kuandika katika kaunta buku langu kila swali la sheria, afya au fedha linaloletwa, na karibu yake jina la ofisi nililomwelekeza mtu. Namba za simu za ofisi hizo nimezibandika ukutani. Baadhi ya wateja hukasirika. Wanaona naificha elimu iliyo mezani. Nawaeleza habari ya siku thelathini, bila kutaja mtu, na wengi hunyamaza wakaichukua namba.

Yule kijana alikuja tena mwezi uliopita. Amesikia kwamba kuna ghala linatafuta walinzi, akataka nimwandalie wasifu na barua ya maombi. Nilimuuliza kama anataka niandike mwenyewe au nitumie programu, nikamwambia waziwazi kwamba ni ileile. Akafikiri kidogo akasema tutumie, ila tusome wote. Nikavuta kiti akaketi upande wangu wa meza. Wasifu ulipotoka ulikuwa umepangwa vizuri kuliko ambavyo ningeupanga mimi, na ulisema kwamba ana uzoefu wa miaka mitano katika ulinzi na anazungumza Kiingereza kwa ufasaha. Hatukuwa tumeiambia lolote kati ya hayo. Aliyaona kabla yangu. "Dada, hapa si kweli," akasema, akaichukua kalamu yangu akakata "mitano" juu ya karatasi na kuandika "mitatu" kwa mkono wake, kisha akapiga mstari juu ya Kiingereza. Nilirekebisha kwenye kompyuta, nikachapisha nakala mbili, akazisoma zote tangu juu hadi chini kabla ya kuzitia kwenye bahasha.